Proforma Tatu, Chang'ombe

Proforma tatu mezani, nimezikandamiza kwa nati ya gurudumu
zisipeperushwe na feni.
Bosi anataka jibu kabla ya saa kumi.

Wa kwanza alikuja na tai.
Alitaja chaji elfu nne kama anayehesabu ng'ombe wa babaye,
akanywa soda yetu,
mlango wa ghala hakuuvuka.

Wa pili sijamwona, ni sauti tu ya wasapu.
Bei yake iko chini, chini mno.
Dhamana miaka mitano, mzigo uko njiani, dada.
Nikamwuliza: hiyo dhamana, siku nikiidai, naidai mlango gani?
Tiki mbili za buluu.
Mpaka leo.

Betri za zamani nazijua. Miaka tisa nimezinywesha maji kama mifugo,
asidi imenitoboa ovaroli tatu na kanga moja ya zawadi.
Zikichajiwa zinalala usiku kucha;
umeme ukikatika, tunalala wote.
Sikudhani, dereva wa foko namba mbili,
huzisikia zikichoka kabla mshale haujashuka:
ni mtu anapanda ngazi na gunia, anasema, sikiliza.

Wa tatu, Mbwilo, alichelewa, shati limechomoka.
Hakufungua mkoba.
Alipiga magoti kando ya foko, akafuta grisi kwa kidole gumba,
akasoma kibao ambacho sote tulikuwa tunakipita:
uzito wa betri usipungue kilo mia tisa na arobaini.
"Wenzangu walikwambia hili?"

Hawakuniambia.
Kwamba lithiamu ni nyepesi,
na foko nyepesi ikipandisha tani mbili za sukari rafu ya nne
huweza kuinua makalio, kama mbuzi anayenywa mtaroni.
Kwamba ule uzito nilioulaani miaka yote
ndio uliokuwa ukimshikilia Sikudhani ardhini.

Ataongeza vyuma ndani ya kasha. Vyuma vina bei.
Proforma yake inazipita zote.

Saa tisa na nusu.
Bosi atatazama namba ya chini, kulia, kama mabosi wote.
Nimechukua kalamu nyekundu. Pendekezo sikuandika.
Nimechora foko, magurudumu ya nyuma hewani,
na ndani yake kijitu
chenye kilemba cha njano kama cha Sikudhani,
nikaibana juu ya ile ya bei rahisi,
nikampelekea.