Swali la Kumi na Saba

Chini ya mchoro wameandika, herufi kama sisimizi:
umbo halikufuata vipimo.
Aili anacheka puani.
Paa lililolala namna hii
baba yake asingelipigilia hata msumari mmoja:
theluji ya Duluth ingelilalia Januari,
na Aprili lingeamka kuni.

Jicho, kaa kando.
Pembe ya nje, nyuzi mia na kumi.
Ya ndani basi, sabini.
Pacha wake, sabini.
Kileleni inabaki arobaini,
imechongoka,
theluji inateleza yenyewe.

Anakisiliba kiduara cha C.
Dakika tatu zimekwenda.
Ukumbi mzima unanuka raba na makoti yaliyolowa,
na swali la kumi na nane
halina paa, halina mchoro,
maneno matupu.