Sina Sukari

Ubishi ulianzia kwenye betri,
mbili, zile nene, alizoleta Msabila
akitaka nimjaribie kabla hajalipa.
Nikazitia. Redio ikakohoa, kisha ikatoa
ule wimbo wa mwaka huu, wa kila harusi,
na Msabila akarusha bega:
"Huu? Miaka hamsini! Wajukuu zetu wataucheza."

Kalunde, muuguzi wa zamu ya usiku pale Kitete,
alikuwa keshashika feni yake aondoke.
Akaiweka chini.
"Huo haufiki Krismasi.
Mwimbaji anajitaja jina mara kumi na moja,
nimehesabu, huku nampima mtu mapigo ya moyo."

Basi. Kibanda changu cha Gongoni,
hatua tatu kwa mbili, na pasi za watu ukutani,
kikawa bunge.

Zuberi wa tumbaku hakungoja kukaribishwa.
"Santuri ya Chapa Reli," alisema, "upande wa pili.
Nyimbo nne, hakuna wa kuruka.
Wimbo wa mtu aliyeachwa na treni haufi,
maana treni haijaacha kuacha watu."

"Nani leo ana santuri, baba? Aipigie wapi?"

"Ndiyo nakwambia imedumu.
Haina pa kupigiwa, na bado naisikia."

Kalunde akacheka kwa pua.
"Mnapima kwa masikio ya watu wazima wa afya.
Njooni wodini saa tisa usiku,
dawa ya maumivu imeisha, nyingine haijafika,
mkasikie mtu anaimba nini."

"Wanaimba nini?"

"Tangazo la sabuni. Kaswida.
Dereva mmoja wa lori, wa Nzega, wimbo wa taifa,
beti ya kwanza mara sita, ya pili haijui.
Wako huo, Msabila, sijausikia hata siku moja."

Hapo ndipo akaingia Sikitu wa jirani,
katumwa simu ya mama yake, imejaa chaji au bado,
naye anaimba, wala hatuangalii:

*Nilipofika stesheni — sina sukari!*

Zuberi aliruka kama aliyekanyagwa.
"Siyo hivyo, we mtoto!
*Nilipofika stesheni, gari limekwishaondoka,
nikaketi kwa mama chai, akasema sina sukari.*
Ni mama chai asiye na sukari, siyo wewe!"

"Ndivyo ulivyo," alisema Sikitu.
"Shule nzima tunaruka kamba hivyo.
Pale kati ndipo kamba inapopita."

Kalunde akasema una maana nzito,
kufika kwa mpenzi mikono mitupu.
Msabila akasema ni bei za dukani tu.
Wakashikana hapo.

Mimi nilikuwa chini ya meza
natafuta skrubu ambayo haijadondoka.

Themanini na nane, Nyamizi mwenye hoteli kule Cheyo
aliniletea kanda imetafunwa na dekki, imejikunja kama utumbo wa kuku.
Nikaikata kwa wembe,
nikaunga kwa seloteip nyembamba kama kucha.
Vidole vitatu vya utepe vikaenda na taka.
Nikamwambia imepona.
Aliipiga miaka kumi na minne, asubuhi na chai ya maziwa,
na kila aliyetaka wimbo ule mjini alinakili kwake.
Hakuna aliyerudi kulalamika.
Nilimtoza shilingi hamsini.

Ningesema. Mdomo ulifunguka.
Lakini Zuberi alikuwa anamfundisha Sikitu mstari mzima,
polepole, kidole juu,
na Sikitu anaurudia kwa heshima,
anafika kwenye gari, anasita, miguu haijui iruke wapi.

Akachukua simu, akatoka.
Kabla hajafika kwenye mtaro
nilisikia kandambili zikipiga chini mara moja, pale pale,
kwenye kiungo changu.

Nikainuka. Wembe ule ninao bado,
kwenye kopo, pamoja na risasi ya kulehemu.
Wao wanaendelea: hamsini, hapana, hata miwili.
Na betri, Msabila hakulipa.