Ukufi wa Mchele

Mama, leo wamekuja kupima kanisa.
Kijana mmoja, kalamu sikioni, utepe wa chuma mkononi,
kapima mimbari nami bado naomba.
Niliposema amina akasema samahani,
akaandika: mita mbili na robo.
Litakuwa duka la mazulia.

Nimekumbuka mikono yako.
Kila ulipopima mchele wa chungu, asubuhi na jioni,
ulirudisha ukufi mmoja kwenye debe kando ya jiko.
Huu wa Bwana, ulisema,
hata mwaka ule mianzi ilipochanua milima yote ya Mizo
na panya wakashuka wakala mpunga ungali shambani.
Ukufi juu ya ukufi, nyumba kwa nyumba,
ndio ulionikatia tiketi ya kuja Wales.

Nilidhani naja kulipa deni.
Ukutani kuna bamba la shaba:
majina kumi na moja ya waliotoka bonde hili kuja kwetu
kutufundisha kusoma; wanne walizikwa huko, na homa zao.
Jina la milima yetu limekosewa herufi.
Nimelisugua kila Jumamosi, miaka sita,
pamoja na kosa lake.

Tulikuwa tisa. Sasa wanne, nikijihesabu.
Bwana Emrys Pugh apiga kinanda kwa mguu mmoja,
ule mwingine wavimba.
Mama Gwenllian hunisahihisha Kiwelshi katikati ya mahubiri:
ulimi nyuma ya meno, puliza kando,
kama uzimaye mshumaa uliofichwa shavuni.
Wa nne hulala.

Nilikuandikia habari za Ifan.
Mwisho wake sikukuandikia.
Jumapili tisa za baridi alikaa karibu na hita,
akauliza maswali mazuri.
Nikamnunulia Biblia kwa pesa ya viatu.
Machi jua likatoka, naye akatoka nalo.
Juzi nilimwona dukani;
akageukia rafu ya chakula cha mbwa.
Hana mbwa.

Fomu ya ofisi ina mstari: Waliobatizwa.
Niliandika sifuri, kalamu ikatoboa karatasi.
Usiku ule sikupiga magoti.
Nilikaa kitandani na koti mwilini,
nikasema: Mchele wa mama yangu, Wewe wajua bei yake.
Basi.
Hakujibu.
Kondoo wakakohoa mlimani kama wazee ibadani,
mvua ikaendelea na shughuli zake.

Kisha, sijui kwa nini, akanijia Baba yake Babu.
Si ulinisimulia wewe?
Yule mgeni wa kwanza mwenye ndevu nyekundu
alifundisha miaka mitano watoto waliofuata chumvi.
Alimpa kila mtoto punje akijua herufi tatu.
Akaandika kwao, bila shaka, sifuri yake.
Baba yake Babu naye alifuata chumvi.
Sisemi Ifan atarudi, Mama.
Nasema tu kwamba Baba yake Babu
aliipenda sana chumvi.

Jumanne tulihamia jikoni kwa Mama Gwenllian.
Kinanda hakikupita mlangoni,
Bwana Emrys akapiga meza kwa vidole, akakosea vilevile.
Nilipika. Kabla ya kuutia mchele chunguni
mkono wangu ukarudi wenyewe,
ukatoa ukufi, ukatafuta debe.
Palikuwa na kopo la biskuti, tupu.
Wa nani huo? akauliza.
Nikasema, sijui bado.
Akalitazama kopo kwa muda,
akasema nimetamka vibaya neno *bado*,
akanifundisha tena.

Jana nilifungua kopo.
Juu ya mchele wangu mtu ametia shayiri,
kiasi cha kiganja kidogo, chenye baridi yabisi.
Sikuuliza.
Bamba la shaba nimelifungua skrubu,
liko chini ya kitanda changu, ndani ya taulo.
Wenye mazulia hawakulitaka.
Mama, nitumie soksi.