Karani wa Mizani

Miaka ishirini na sita nilipima malori ya shayiri
kwenye kinu cha Tartu: yanaingia yamejaa, yanatoka matupu,
na tofauti yake naiandika kwa wino, napiga muhuri.
Hakuna dereva aliyenipunja hata gunia.
Mwili wangu ulinipunja mwaka mzima.

Ulianzia puani, damu kidogo. Nikasema ni baridi.
Ukashuka magotini. Nikasema ni umri.
Kisha mkojo ukawa rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni,
na hilo sikumwambia mtu,
hata Heldur, tunayelala naye mgongo kwa mgongo.

"Ni askari wako mwenyewe," alisema Daktari Kangro,
akinichorea mishipa nyuma ya bahasha.
"Wameingia figoni wakidhani ni kwa adui."
Kikulacho ki nguoni mwako.
Nami sikuwa na nguo ya maana,
gauni la hospitali tu, wazi mgongoni.

Januari: mpira shingoni, mashine inazungusha damu yangu
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Kitanda cha pili mzee Arvo anajaza fumbo la maneno kwa sauti.
"Herufi nne. Kiungo cha mwili, huenda kwa jozi."
Nilikaa kimya.
Akaandika *goti*.

Dawa ya mshipani kila wiki ya pili.
Tembe kumi na mbili kila asubuhi, na usingizi ukahama nyumba.
Saa tisa za usiku napanga vifungo mezani,
kwanza kwa ukubwa, halafu kwa rangi,
halafu kwa nguo zilizovipoteza.
Uso ukaumuka. Mjukuu wangu Triinu
alinibonyeza shavu kwa kidole, akauliza
nani amekupuliza, bibi?

Nikapewa jagi lenye mistari.
Siku ya kwanza, mililita sabini,
hata kikombe cha kahawa hakijai.
Haba na haba hujaza kibaba, wanasema;
hawakusema kibaba cha nini.
Heldur akaandika kwenye kalenda ya kinu,
pale nilipokuwa nikiandika tani:
sabini. Mia na kumi. Tisini na tano.
Mia tatu, na alama ya mshangao.
Siku ya mia sita alinibusu kipaji
jagi likiwa bado mkononi mwangu, lina joto.

Kreatinini nayo ilishuka kama mlevi kwenye ngazi:
640, 588,
601 (usiku ule sikugusa vifungo),
470, 392.

Machi muuguzi Riina akauchomoa mpira.
"Vuta pumzi. Usikohoe."
Kilichobaki shingoni ni kovu,
dogo kama tundu la kifungo.

Nje barafu ya mto Emajõgi ilikuwa inapasuka,
na kila aliyekuja kunitazama alisimama dirishani
akasema, ona, kama wewe.
Hapana. Mto huyeyuka wote.
Mimi nimerudishiwa theluthi.

"Makovu hayachuji," alisema Kangro,
safari hii bila kuchora.
210, wiki ya tano haipandi wala haishuki.
"Huenda hii ndiyo yako."
Nikaomba karatasi. Nikaandika tarehe, namba, jina langu kamili,
Maarika Soosaar.
Nilitafuta muhuri mkobani, mkono wenyewe tu ulitafuta.

Sasa naroweka viazi, namwaga maji, naroweka tena.
Dagaa wa chumvi nawanusa kwenye sahani ya Heldur
na kumrudishia.
Usiku kibofu kinaniamsha, na siku hizi sikitukani.
Naenda pekupeku, sakafu baridi, taa sijawasha.
Jagi walishalichukua. Nasikiliza.

"Ngapi?" Heldur anauliza toka kitandani,
nusu yake ingali usingizini.
Hakuna tena anayetudai hesabu.
"Mia tatu na ishirini," namwambia,
na kwa mlio tu, baada ya malori yote yale,
sidhani kama nakosea sana.