Chaguo la Kwanza

Elfu mbili kujaza, mia tano kuchapa.
Bango nimeliandika mwenyewe kwa wino mwekundu,
mlangoni pa steshenari, Kirumba,
pale harufu ya dagaa inapoingia bila hodi
na kukaa kwenye karatasi.

Wiki hizi za matokeo mimi ndiye padri wa mtaa.
Wananiletea namba zao za mtihani
zimefungwa kwenye pindo la kitenge, zimefichwa nyuma ya kava la simu;
wananong'ona ile D ya Fizikia
kama watu wanaoungama.
Nywila za nusu ya vijana wa Kabuhoro ninazo mimi:
jina la mama na mwaka wa kuzaliwa, wote,
wasije wakasahau.

Mmoja anataka uhasibu kwa sababu binamu mhasibu ana gari.
Mmoja anautaja ualimu, lakini kwanza anatazama mlangoni.
Mmoja anasema, "Kaka, weka yoyote yenye mkopo."

Jana jioni usubi ulipanda kutoka ziwani,
wingu zima likaja kuabudu kioo cha kompyuta.
Nilikuwa napangusa wadudu juu ya neno "Utabibu"
alipoingia Nyanzala, buti za mpira zina magamba bado,
na nyuma yake Ng'wigulu, mwanawe,
mrefu, kimya, kichwa kinagusa waya wa taa.

"Mwandikie udaktari."
Nikamweleza: kwa cheti cha kidato cha nne
anaanzia stashahada ya utabibu.
"Huo huo. Mradi avae koti jeupe."
Chaguo la pili?
"Utabibu."
La tatu?
"Wewe kijana, Kiswahili hukijui?"

Simu yake ikaita. Akatoka kugombania bei ya barafu.
Ng'wigulu akaniinamia, akasema upesi kama anayeiba:
"Majokofu. Nataka kusomea majokofu."
Kisha maneno yakamtoka, sijui alikuwa ameyaweka wapi:
kompresa, gesi, bomba la shaba,
na zile siku mbili umeme ulipokatika
mama yake akafukia kilo mia mbili za sangara
kwenye mchanga wa Igombe.
"Hakulia," alisema. "Alirudi akaosha mikono.
Akaosha mpaka sabuni ikaisha."

Mama akarudi, anafikicha usubi jichoni.
Mimi si mshauri, ni mchapaji, nalipwa kwa ukurasa.
Lakini nilijisikia nikiuliza,
"Mama, barafu leo imefika ngapi?"
Akanitajia bei, na tusi juu yake.
"Na fundi wa friji?"
"Yule? Ukimpigia Jumatatu anakuja Alhamisi,
na hela anataka kabla hajagusa hata skrubu moja,
nami nampa, nifanyeje, nimpe nani mwingine—"

Akanyamaza.
Akamtazama mwanawe kuanzia viatuni,
taratibu, kama anayehakiki mzigo.

Hakusema ndiyo.
Alisema, "Jaza utabibu, ng'wanawane. Ila hiyo nyingine,
ya ufundi, nichapie karatasi yake nikaione nyumbani."
Kusoma hajui. Aliikunja mara nne,
akaiweka kifuani, unapokaa mtaji.

Sasa ni saa mbili usiku, nimevuta geti nusu.
Mwaka wa tatu huu. Nilipomaliza kidato cha sita
nilisema namshikia mjomba duka mwezi mmoja tu.
Nimefungua ukurasa mpya.
Jina: Lugembe. Namba ya mtihani
naikumbuka kama simu ya mtu aliyekwisha kufa.
Chaguo la kwanza:
kijistari kinawaka, kinazima, kinawaka.
Hakina haraka. Mwisho wa maombi ni Ijumaa.

Nimetoa elfu mbili mfukoni, nimeitia kwenye droo,
nimejiandikia risiti.
Leo ni mteja.
Nimekaa upande ule wa meza,
nasubiri mtu aniulize.