Kitabu cha Getini

Uzunguni (jina hilo hatukulitoa sisi,
tulilikuta limelala mtaani
kama paka wa mpangaji aliyehama)
palikuwa na geti, meza, kiti cha plastiki,
kalamu iliyofungwa kwa kamba ya kiatu,
na kitabu.

Jina. Utokako. Unakwenda kwa nani. Saa. Sahihi.

Nilikuwa karani wa mahesabu wa hoteli ile.
Mwezi wa saba, baridi ya Meru ikipenya hadi kwenye droo,
niliagizwa nivichome vitabu vya zamani.
Sikuvichoma. Nilivihesabu.
Mnamjua karani: akiona safu, ataijumlisha.

Miezi mitatu, majina mia nne na kumi na mawili.
Akina Pallangyo, akina Massawe, akina Mollel tele,
fundi bomba, wakili, mama wa maziwa,
daktari aliyeitwa usiku mgeni alipozidiwa,
naye akaandika, mkono ukitetemeka kwa haraka:
kwa mgonjwa.
Na wale wengine, ambao magari yao
niliyaona kila siku yakiingia kama maji mferejini?
Hata herufi.

Nikamwuliza Anaeli, mlinzi, mtu wa Nkoaranga:
nani alikuambia hawa uwapitishe?
Akaivua kofia, akaitazama ndani
kana kwamba jibu limeshonwa humo.
"Hakuna. Nilimkuta Sarikoki akifanya hivyo.
Na yeye alimkuta mwingine."
Kisha, polepole:
"Hata shemeji yangu nilimwandikisha.
Kuna mtoto wa miaka tisa nilimpigia saluti."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu.
Nikamtafuta, sikumpata.
Meneja mwenyewe alimlipia ada binti wa mpishi,
na mpishi alipofiwa alikwenda matangani,
akakaa chini kwenye mkeka.
Mazoea yana taabu, walisema waliotutangulia;
hawakusema yana mshahara,
yana sare, yana zamu ya usiku.

Nikampelekea jumla yangu. "Ni usalama tu," akasema.
Vizuri, nikasema. Basi usalama uwe wa wote.
Mstari mmoja, mama, na sahihi yako:
Kila aingiaye aandike.
Alisaini. Angesema nini?

Jumatatu, Anaeli alinawa mikono bombani
kama mtu anayekwenda kula,
akasimama mbele ya Landikruza ya kwanza.
"Kitabu, tafadhali."
Honi.
"Unajua mimi ni nani?"
"Ndiyo maana kuna safu ya jina."

Hadi saa sita foleni ilikuwa imefika kwenye mjakaranda.
Mwenye hoteli alishuka, akashika kalamu,
akakwama kwenye Unakwenda kwa nani.
Alifikiri muda mrefu, jua likimchoma shingo.
Akaandika: Kwangu.

Siku tisa.
Ya kumi, meza ikaondolewa.
"Tumetafakari," akasema meneja.
"Usalama si lazima uwe na kitabu."

Hakuna aliyepiga vigelegele.
Fundi bomba alikuja na mkoba wake,
akasimama penye alama nne za miguu ya meza,
mkono wake ukitafuta kalamu hewani.
"Pita," Anaeli akamwambia.
"Nipite tu?"
"Pita tu."
Alivuka kwa hatua fupi, kama anayejaribu daraja jipya,
akageuka mara mbili kuangalia kama ataitwa.

Wengine waliniambia, umeshinda, pumzika.
Lakini kabatini mwangu kuna kitabu kingine,
cha mishahara, chenye ngazi mbili.
Moja imeandikwa wataalamu, nyingine wenyeji,
na mtaalamu wa mwisho kuajiriwa
alifundishwa njia za mbugani, na lugha, na kusalimia,
na mwenyeji.

Ile kamba ya kiatu niliiokota mimi.
Nimeifunga kwenye kalamu yangu.
Ukurasa wa kwanza: Ndetaulwa, dereva,
miaka kumi na tisa,
shilingi