Kikombe cha Mpangaji

Kipo bado, kinaning'inia msumarini,
kikombe cha udongo chenye ufa mdomoni.
Tabitha wa jirani aliniambia, kitupe mtoni,
lakini mto wetu hapa Royton umeshabeba mengi:
rangi za kiwandani, paka wafu, na bendera ya kijani
tuliyoizamisha kwa mawe usiku wa askari.

Alikuja Februari, theluji ikimfuata,
Silas Threlfall, buti zimeachama.
Alisema katoka Nottingham, kafukuzwa kazi kwa kusema kweli.
Nani angemnyima mtu huyo uji?
Ulikuwa mwepesi, uji wenyewe, ungeweza kujitazama ndani yake,
na bado nilimtangulizia yeye, kabla ya Jabez,
kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma.
Gazeti lilikuwa peni saba, nne kati yake ni muhuri wa Mfalme,
tukachanga watu kumi na wanne, nusu peni nusu peni,
naye akatusomea karibu na jiko,
akitua kila palipoandikwa haki,
akiinua macho aone nani katikisa kichwa.
Nilidhani ni upole.

Kisha amri ikabandikwa mlango wa kanisa:
wakikutana zaidi ya hamsini, ni hatia.
Sisi wafumaji kuhesabu tunajua.
Uzi mmoja ukizidi, kitambaa huvutika upande.
Usiku ule, ghalani kwa Obadiah Kershaw,
Jabez alisimama mlangoni akitugusa mabega,
arobaini na nane, arobaini na tisa, hamsini,
akashika komeo.
Ndipo Threlfall akatokea gizani, anahema, kofia mkononi.
"Mtaniacha nje na baridi hii?"
Akaingia.
Wa hamsini na mmoja.

Farasi walikuwa tayari nyuma ya ukuta.

Kule Lancaster alitoa ushahidi na koti jipya,
sufu ya daraja la kwanza; nilijua bei ya yadi
kabla sijasikia jina la mwanangu likitajwa.
Alisema tulificha mikuki.
Ilikuwa mipini ya mafagio.
Karani aliandika mikuki.
Miaka kumi na minne, ng'ambo ya dunia,
ambako wanasema hata nyota zimepinduka.

Kikulacho ki nguoni mwako, watu hunena.
Nami ndiye niliyeifuma nguo.

Leo kengele zinalia tangu asubuhi.
Sheria imepita London. Mageuzi!
Kijana wa muuza mishumaa anapita nyumba kwa nyumba,
kila dirisha liwashwe.
Nimemuuliza, nani atapiga kura?
Mwanamume, anasema, mwenye nyumba ya pauni kumi kwa mwaka.
Yangu ni pauni tatu na kitu, paa linavuja juu ya mtambo,
na mwanamume wa humu yuko ambako yuko.
Kijana akatazama viatu vyake.
Mimi nilikuwa namfikiria mwingine:
wiki jana Tabitha alikuwa Stockport, sokoni,
akapita duka la vitambaa lenye vioo virefu.
Jina juu ya mlango si lile.
Sauti ni ileile. Alikuwa akiwasomea wateja gazeti,
akitua kila palipoandikwa haki.
Nyumba ile haikosi pauni kumi.

Nimewasha mshumaa mmoja.
Si wa sheria. Macho yangu yamechoka,
na barua ya Jabez ni karatasi moja tu:
kaandika toka juu hadi chini,
kisha akaigeuza, akaandika kukatiza,
mtande na mshindio, mkono wa mfumaji.
Nimeifumua neno kwa neno hadi ukingoni.
Amebakiza mwaka na nusu.
Anauliza kama yule mgeni, alipoondoka,
alikiacha kikombe chake,
kile nilichompokonya asubuhi ya theluji
ili mpangaji anywe.

Kipo, mwanangu.
Kina ufa. Maji kinashika.